Mwaka wa Deki Isiyotoa Picha

Siku Bi Zuhura alipozikwa, wanaume waliondoka na jeneza kwenda makaburini, na sisi wanawake tukabaki sebuleni, kwenye ile nyumba yake ya Ngara mjini, tumekaa mikekani chini ya TV bapa iliyofunikwa kanga. Nilikuwa nimetoka Biharamulo alfajiri, miguu imevimba, miwani imejaa vumbi, na sikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Rukia, binti yake wa pekee, aliyefika kutoka Tanga siku mbili kabla, alijisogeza karibu yangu na kikombe cha kahawa ya tangawizi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Tereza, wewe ndiye uliyekaa na mama mwaka ule wa eda. Hivi alikuwa anatafuta nini kwenye ile CD ya harusi yangu? Nimeikuta chini ya mto wake, imejaa mikwaruzo." Nilimwambia sikumbuki, mambo ya zamani yale. Nakumbuka. Nakumbuka mpaka harufu ya kile chumba, ubani na mafuta ya nazi na joto la deki iliyowashwa tangu mchana. Lakini mtu aliyetoka kufiwa na mama yake hupewa kahawa na pole, habari kama ile huwezi kumtwisha.

Mwaka ule nilipanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura ili nirudie mitihani ya kidato cha nne. Mitihani yenyewe nilifeli tena, na sina la kuongeza hapo. Mimi ni Mkatoliki wa upande wa Nyantakara, nilikuwa sijawahi kuishi na Waislamu wa mjini, watu ambao babu zao walikuja kutoka pwani na biashara ya nguo na chumvi na wakabaki. Nilijifunza kula mkate wa kumimina asubuhi na kuacha kuita kila kitu chai. Jikoni kulikuwa na dirisha dogo linalotazama uani, na kupitia dirisha lile nilisikia maisha yote ya nyumba ile bila kutaka: nani kaumwa, nani kaachwa, mzee karudi na maharage mabovu. Mzee ni Mzee Shabani, mume wa Bi Zuhura, mnunuzi wa mazao, mtu mkavu aliyeongea kama analipia maneno. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kupunguza mwendo.

Rukia aliolewa Tanga, kwa ndugu wa mbali wa baba yake. Bi Zuhura hakutaka. Alitaka mkwe wa karibu, hata wa Nyamiaga, mtu ambaye binti akipigwa jioni mama anajua asubuhi. Mzee Shabani hakubishana, alikwisha kutoa neno. Ndoa ikafungwa msikitini, wanaume kwa wanaume kama kawaida yao, na wanawake walikuwa nyumbani kwenye turubai lao, wamejifungia, wanacheza. Baada ya harusi nyumba ilipoa, na ndipo niliposikia kupitia dirisha la jikoni maneno ambayo laiti nisingeyasikia. Bi Zuhura alikuwa anamenya ndizi, mzee anafunga mkoba wa safari. Akamwambia, "Umemtupa mtoto, na hata uchungu huna. Wewe moyo wako ni gunia." Mzee alimaliza kufunga mkoba, akasema akirudi watamwita fundi aje aangalie deki, akaenda zake Nyantakara kununua mahindi. Presha ilimpandia huko huko shambani kwa watu. Walimrudisha kwenye gari la mizigo, amefunikwa turubai lile lile la mahindi.

Hilo la deki alilolisema ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa mkewe, na kwa hiyo lazima nilieleze. Wiki moja baada ya harusi, mkwe alikuja na lori kuchukua vyombo vya bibi harusi. Alikuwa na TV bapa mpya ndani ya boksi, ya kwanza mimi kuiona kwa karibu, na alikuwa na ile CD ya harusi kutoka kwa mpiga picha. Kwa kuringa kidogo akaifungua TV yake pale pale sebuleni, akaiunganisha na deki ya nyumba kwa nyaya zake tatu, wa kijani, wa bluu na mwekundu, akachezea setingi za deki mpaka picha ikatoka inang'aa. Akaionja mwanzo tu, msikiti kwa nje na majina ya maharusi, akaridhika, dereva wa lori akapiga honi. Katika kuchomoa nyaya deki ikamponyoka, ikaanguka. Tangu hapo, na kwa mwaka ule wote, mlango wake ukagoma kufunguka, CD ikiwa ndani. Mkwe akaondoka na TV yake na nyaya zake. Sisi tukabaki na TV yetu ya chogo, ile ya mgongo mnene, na waya mmoja wa njano wa picha na wake wa sauti. Tulipouchomeka, tulipata sauti safi kabisa na kioo cheusi.

Bi Zuhura alikaa eda katika chumba chake cha kulala, godoro chini, dirisha limefungwa nusu, na wakamwekea ile chogo humo humo ili ajipunguzie mawazo. Wanawake walikuja kila alasiri na vitumbua na habari. Mimi nilikuwa nawapakulia, na hapo ndipo nilipomsikia jirani mmoja, mama mnene mwenye huruma nyingi na breki kidogo, akisema, "Shoga, lakini siku ya ndoa mumeo alilia. Mume wangu alimwona. Alimshika mkwe mkono kumwozesha, machozi yakamtoka mbele za watu." Bi Zuhura alikuwa ameshika kitumbua, akakirudisha kwenye sahani. Alikaa na yule mwanaume miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi mimi duniani na hakuwahi kuona chozi lake, si kwenye msiba wa mama yake, si walipozika mtoto wa kwanza. Jioni alipokuja shemeji yake, Mzee Haruni, kusimama nyuma ya pazia kumjulia hali, alimuuliza. Mzee Haruni akachukia. "Shabani alie kwa lipi? Alikuwa na mafua. Msimzushie marehemu." Kwa hiyo mashahidi walikuwa wawili na hawakupatana, na mkwe hakutaka kumuuliza, habari isije ikamfikia Rukia. Ukweli ulikuwa ndani ya deki, umbali wa mkono kutoka kwenye godoro lake.

Alinieleza mwenyewe anachotaka, bila kuzunguka. "Tereza mwanangu, kama alilia, basi alikuwa na uchungu, na mimi nilimsema kwa dhuluma, nitaomba radhi kwa Mungu mpaka nife. Kama hakulia, basi nilisema kweli na nitalala. Lolote kati ya hayo mawili nitalibeba. Hili la katikati siliwezi." Nilimwambia tusikilize sauti, labda tutamsikia. Tukasikiliza. Tulisikia sheikh akisoma, tukamsikia Mzee Shabani akisema maneno ya kuozesha kwa sauti yake ile kavu, na pale hasa sauti ilipoanza kupungua, mpiga picha akapandisha kaswida. Alifunika kila kitu kwa kaswida, ngoma na vigelegele vya studio, kama walivyokuwa wanafanya wapiga picha wote, kwao harusi bila muziki ni hasara. Kaswida ilipoisha, watu walikuwa wanagonganisha sahani. Bi Zuhura alitazama kioo cheusi muda wote ule, hakupepesa. Nilijiona mjinga kwa kushauri.

Leo watoto wa kazini kwangu wakiona TV haitoi picha wanabonyeza vitu viwili, vitatu, wanacheka, imepona. Nawatazama na najizuia nisiwafokee bure. Hawajui ni nini kuwa na setingi moja mbaya ambayo kuibadilisha unahitaji kuiona menyu, na menyu huwezi kuiona kwa sababu ya setingi yenyewe. Mkwe alikuwa ameiambia deki ipeleke picha kwenye matundu ya kijani, bluu na nyekundu, na deki ilitii. Tundu la njano ilikuwa imelinyima kabisa. TV yetu ya chogo haikuwa na matundu hayo mengine. Dawa rahisi ilikuwa kuipeleka deki mahali penye TV bapa, lakini CD ilikuwa ndani, na humo ndani kulikuwa na sehemu ya pili, sherehe ya wanawake, iliyorekodiwa na kukatwa na mwanamke mwenzao, nusu ya wanawake wa mji vichwa wazi, wamevaa wanavyovaa wakijua hakuna mwanaume. Bi Zuhura alikuwa amewaapia kwamba CD haitatoka mlangoni kwake kwenda penye wanaume. Na TV bapa tulizozijua zilikuwa mbili tu, moja baa, nyingine ofisini kwa wanaume.

Basi fundi akaletwa kwa deki. Fundi Bosco, Mhangaza wa Nyamiaga, alikuwa na kibanda karibu na stendi, redio zimepangwa mpaka barabarani. Lakini Mzee Haruni alikwisha kusema kwamba eda haijaisha, na hakuna mguu wa mwanaume asiye maharimu utakaovuka pazia la ndani. Bosco akakalishwa ukumbini kwenye kigoda, mgongo wake kwenye pazia. Bi Zuhura akajifunika mpaka machoni huko chumbani. Na mimi, ambaye si mke wala mume wa mtu, nikapewa rimoti.

"Shikamoo mama," Bosco alisema kwa pazia.

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuja."

"Dada, washa. Kioo kina rangi gani?"

"Hakina rangi. Cheusi."

"Hata mistari hakuna?"

"Hakuna."

"Sasa sikiliza. Mimi dukani nina deki kama hiyo, ndugu yake kabisa. Nimeikariri menyu yake. Tutakwenda gizani, pole pole. Bonyeza setapu. Umebonyeza? Shuka chini mara mbili. Mshale wa mbele mara moja. Shuka tena mara moja. Bonyeza sawa."

"Nimebonyeza."

"Picha?"

"Giza."

Nilimsikia akihesabu kwa vidole kwenye goti lake. Akasema turudie. Tulirudia. Alikuja siku tatu au nne za wiki ile na wiki iliyofuata, na kila siku alikuwa na njia mpya, akishaichungulia ile deki ya dukani kwake. Bi Zuhura alianza kujua majina ya vitufe. Ningeshika rimoti, angeninong'oneza, "Mbele, Tereza, kasema mbele, si chini." Walikuwa wanaongea wao wawili kupitia kwangu na kupitia pazia, mwanamke wa pwani ya zamani na kijana wa Nyamiaga ambaye hakuwahi kuona hata kidole chake, na walielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Kosa lilikuwa dogo na hakuna aliyeliona: deki yetu ilikuwa na tabia ya kukumbuka. Ukiingia kwenye menyu inakufungulia pale ulipotokea mara ya mwisho, wakati ya Bosco ilianza juu kila siku. Kwa hiyo kila alichonielekeza kilikuwa sahihi, ila tulikuwa tunakifanya kwenye ukurasa mwingine. Siku moja nikabonyeza sawa ya mwisho, na sauti nayo ikakatika. Tulikuwa hatuoni, sasa tukawa hatusikii.

Bosco aliinuka kwenye kigoda, nikaona kivuli chake kwenye pazia. "Mama, samahani sana," alisema. "Ninaharibu. Afadhali niishie hapa." Bi Zuhura akamshukuru, akaniambia nimpe chai na vitumbua vya kwenda navyo. Alipoondoka nililia mimi, kwa hasira, na mjane mwenyewe ndiye aliyenibembeleza. Sauti ya mzee ilikuwa imemsaidia zaidi ya tulivyodhani. Alikuwa akiniomba niiwashe asubuhi, ile sehemu ya kuozesha tu, kabla ya kaswida. Sasa hata hiyo haikuwepo. Miezi ya eda iliyobaki alikaa na deki iliyowaka taa ya kijani na haisemi kitu, na kila nilipotaka kuizima alinikataza.

Eda ilipoisha walimwogesha, wakamfukiza ubani, wakampikia, wakamvika nguo mpya. Wanawake walitarajia atakwenda kwanza kaburini kwa mumewe. Alinishika mkono, akaifunga deki kwenye kanga mbili, akasema twende Nyamiaga. Mwalimu Adela, mwanamke anayeishi peke yake, aliyesali kanisa moja na mimi, alikuwa amenunua TV bapa karibuni, na kwake hapakuwa na mwanaume wa kuvizia kichwa cha mtu. Tulikwenda kwa miguu, Bi Zuhura akitembea kama mtu aliyesahau jua lilivyo. Mwalimu Adela alikuwa na nyaya zote tatu, hazijatolewa hata kwenye nailoni. Nilichomeka kijani kwenye kijani, bluu kwenye bluu, nikabonyeza setapu, na menyu ikatokea wazi kabisa, herufi kubwa, kana kwamba haikuwahi kutusumbua. Nikarudisha sauti kwanza. Halafu nikatafuta pa picha, nikachagua ile ya waya wa njano, nikabonyeza sawa. TV ya Mwalimu Adela ikawa nyeusi. "Mmeniharibia!" akapiga kelele. Bi Zuhura na mimi tulikumbatiana. Ikizimika kwake ndiyo imewaka kwetu. Mwalimu Adela, baada ya kutulia, alitaka tuijaribu kwa waya wa njano pale pale, tutazame, atachemsha chai. Bi Zuhura alikataa kwa adabu. "Sitaki kumwona nyumbani kwa watu," alisema.

Tuliiona chumbani mwake, jioni ile ile, mimi na yeye tu, godoro limekwisha kuondolewa sakafuni. Chogo ilitoa picha yenye rangi nyekundu kidogo, lakini ilikuwa picha. Msikiti. Majina ya maharusi. Viatu vingi mlangoni. Sheikh. Halafu Mzee Shabani, kanzu nyeupe, ameketi mkekani, mkono wake umeshika wa mkwe. Bi Zuhura alitoa sauti ndogo ambayo sitaiandika. Mzee alisema maneno yake. Alipofika mwisho akameza mate, akainua uso kuelekea kamera, midomo yake ikaanza kufanya kitu, na kaswida ikapanda. Na pamoja na kaswida, kutoka pembe zote nne za kioo, yakaja maua. Mawaridi mekundu ya kompyuta, yanazunguka, yanafunguka, yamejaza kioo chote, na katikati moyo wa dhahabu wenye majina ya Rukia na mumewe. Yalizunguka mpaka kaswida ikaisha. Yalipotawanyika, wanaume walikuwa wanakula pilau, na Mzee Shabani alikuwa ameipa mgongo kamera, ananawa mikono.

Kesho yake alimwita mpiga picha. Alikuja kijana mwenye heshima, akaamkia, akakaa barazani kwenye ukingo wa kiti. Bi Zuhura hakuwa tena nyuma ya pazia, alimtazama usoni. Alimuuliza kwa nini maua yale. Kijana akatabasamu, akidhani anasifiwa. "Mama, mimi nikikata picha, nikimwona mtu mzima uso umemkaa vibaya, simwaniki. Namsitiri. Naweka maua. Wengine wanawaacha, watu wanawacheka wazee wao miaka yote. Mimi sipendi."

"Alikuwa analia?"

Tabasamu likamtoka. Nadhani ndipo alipoelewa anaongea na nani. Alifikiri kwa bidii, na nilimwonea huruma, maana hakutaka kusema uongo na hakuwa na ukweli. "Mama, msimu ule nilipiga harusi nyingi mno. Labda alikuwa analia. Labda alikuwa anataka kupiga chafya. Mimi nikiona uso umekunjamana tu, basi, naweka maua, sisubiri kuona."

"Na mkanda wenyewe, ule wa kwenye kamera?"

"Nimeshaurekodia harusi nyingine, mama. Mikanda tunairudia."

Alimshukuru. Alimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa na kejeli hata chembe, kwamba alifanya vizuri kumsitiri mzee. Kijana akaondoka nyuma nyuma, akijikwaa kizingitini. Nilitaka kumfuata nimpige na kiatu. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kitu kikitafutwa kwa moyo wote lazima kipatikane, na siku ile imani hiyo ilinitoka na haijarudi. Nimeishi vizuri tu bila yake, lakini nimeishi kama mtu anayejua.

Jioni Bi Zuhura aliniomba niiwashe tena. Nilimwambia, Mama, kwa nini ujitese, tumekwisha kuona. Akasema niiwashe, na niwe tayari na rimoti. Msikiti ukapita, viatu vikapita, sheikh akapita. Mzee akasema maneno yake, akameza mate, akainua uso. "Simamisha," alisema, nami nikasimamisha, kabla ya ua la kwanza kuingia. Picha ya deki zile ikisimamishwa haitulii, hutetemeka kidogo. Alisogeza kigoda mpaka magoti yakagusa TV, akakaa akimtazama mumewe usoni, na mumewe akimtazama. Nilingoja aniambie niendelee au nizime. Kidole changu kilianza kufa ganzi juu ya kitufe, nikakisogeza.

"Usiguse," aliniambia bila kugeuka. "Hapa maua bado. Mwache hapo hapo."